Usilidharau Jaa la Boma Lako

Je, msomaji mpendwa, ukisikia neno jaa, akili yako hukimbilia wapi? Aghalabu ni Dandora, Nairobi, ambako malori yalianza kumwaga taka za jiji miaka ya 1970. Jaa limekuwa neno la kukunjia pua.

Hata hivyo, hapo kale jaa halikuwa la kudharauliwa. Lilikuwa rundo la nyuma ya nyumba: samadi ya zizini, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na taka zilizofagiliwa uani. Vilivyooza vilirudi shambani. Hebu fungua Biblia ya Kiswahili, Luka 14. Humo chumvi iliyoharibika yasemwa haina faida, hata kwa jaa. Kumbe jaa lilikuwa na kazi yake! Lilishuka hadhi mijini, ambako taka haina shamba la kurudia.

Nguvu ya samadi si hadithi. Mwaka 2018, watafiti walieleza katika jarida la Nature juu ya mahame ya wafugaji huko Narok. Samadi iliyorundikana katika maboma hayo, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 3,000, ingali inaurutubisha udongo, na wanyama wa mwituni huzifuata nyasi zake.

Sasa kumbuka mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya dukani ulipopita shilingi 6,000. Wangapi walipanda bila mbolea, ilhali mabua na majani waliyachoma moto?

Basi anza jaa lako leo. Chagua mahali penye kivuli. Tandaza mabua, kisha majani mabichi, samadi, majivu kidogo na udongo. Rudia tabaka hizo hadi kimo cha mita moja unusu. Nyunyizia maji, funika kwa nyasi, na upindue kila baada ya wiki tatu. Usitie plastiki, vioo wala betri. Baada ya miezi mitatu hivi, litakapokuwa jeusi na lenye harufu ya udongo wa mvua, lipeleke shambani.

Watoto wakiuliza unafanya nini, usione haya. Waambie ni jaa, na uwaeleze maana yake. Kazi ni kwako, msomaji.