Beni-Butembo: Ramani ya mvua inaishia mpakani, mawingu yanavuka

Kila mwezi wa tano, wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki wanakutana na kutangaza utabiri wa mvua za Juni hadi Septemba. Mkutano unaitishwa na ICPAC, kituo cha jumuiya ya IGAD kilicho Kenya, ambacho kinahudumia nchi 11. Uganda ni mojawapo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haimo. Kwa hiyo ramani inafika Mpondwe, na kwa mkaaji wa Kasindi, ng'ambo ya mto Lubiriha, imekwisha.

Upande wa Congo, kazi hiyo ni ya METTELSAT, shirika la serikali lenye makao Kinshasa. Nchi inashiriki pia katika mikutano ya namna hiyo ya Afrika ya Kati na ya kusini mwa Afrika. Lakini mkulima wa Beni au Lubero anayesikiliza radio za Kasese anapata habari za jirani mapema, na Kikonzo cha huko hakimpi shida anayesema Kinande. Swali ni kama habari hizo zinamfaa.

Kwanza, namna ya kuzisoma. Utabiri wa msimu hausemi mvua itanyesha siku gani. Unagawa uwezekano katika sehemu tatu: mvua zaidi ya kawaida, mvua ya kawaida, na mvua pungufu. Tuseme umeandikwa asilimia 45 kwa mvua zaidi, 35 kwa kawaida na 20 kwa pungufu. Wengi watasikia kwamba mvua itakuwa kubwa. Lakini jumlisha 35 na 20: uwezekano kwamba haitazidi kawaida ni asilimia 55.

Pili, mahali. Butembo iko chini ya kilomita 20 kaskazini ya ikweta, juu milimani, zaidi ya mita 1,700. Beni iko chini zaidi, na bonde la Ziwa Edward lina mita 900 hivi tu, tena ni kavu. Katikati ya Beni na Kasese umesimama mlima Rwenzori wenye mita 5,109, unaokamata mawingu. Utabiri wa Kasese unaweza kuonyesha mwelekeo wa msimu, lakini hauwezi kupimia shamba la Butembo kiasi cha mvua.

Tatu, majira. Juni na Julai mvua hupungua bila kukatika kabisa. Ndio wakati wa kukausha maharagi na mahindi, na karibu na Beni kakao hutandazwa juani. Mvua zikiongezeka tena mwezi wa nane, kupanda kunaanza. Utabiri wa miezi ya mwisho wa mwaka ndio unaoaminika zaidi katika Afrika Mashariki, kwa sababu wakati huo bahari huonyesha dalili mapema: El Niño katika Pasifiki, au joto la magharibi ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 bahari hiyo ilipata joto kupita kawaida, na mvua kubwa zikafuata. Desemba mwaka huo maporomoko ya udongo yaliua watu Bundibugyo, ng'ambo ya Semliki. Mvua za Machi hadi Mei ni ngumu zaidi kutabiri.

Hata msimu wa kawaida unaweza kuleta siku moja mbaya. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilifurisha mito ya Kalehe, Kivu Kusini, na watu zaidi ya 400 wakafa Bushushu na Nyamukubi. Hatari ya namna hiyo hutazamwa katika utabiri wa siku chache, si wa miezi mitatu.

Kwa familia za Beni, kukosea tarehe kuna bei kubwa. Tangu mauaji ya Oktoba 2014, wengi wameacha mashamba ya mbali au wanayafikia kwa woga. Mtu aliyepata wiki moja ya usalama kupanda, mbegu zikikauka kwa kukosa mvua, huenda asipate wiki ya pili. Ndiyo sababu ni busara kugawa mbegu na kupanda mara mbili, badala ya kumwaga zote baada ya mvua ya kwanza.

Kipimo kimoja hakihitaji Kinshasa wala Nairobi. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi na kupimwa kwa rula kila asubuhi, linaonyesha milimita za mvua. Milimita moja ni litre moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Shule ya kijijini ikiandika namba hizo kwenye daftari mwaka baada ya mwaka, wakulima watakuwa na "kawaida" yao wenyewe ya kulinganisha na ile inayotangazwa ng'ambo ya mpaka.