Nyoka wa Mawe wa Mtakatifu Hilda

Huko Whitby, inchi ya Uingereza, kando ya bahari, watu huokota mawe yaliyoviringika mfano wa nyoka aliyelala. Wazee wa pale walisimulia ya kwamba Mtakatifu Hilda, abesi wa monasteri, aliyekufa mwaka 680, aliwageuza nyoka kuwa mawe. Lakini mawe hayo hayakuwa na vichwa. Basi wachuuzi wakachonga vichwa juu yake, ili hadithi isadikike.

Sasa twajua ya kuwa ni amoniti, wanyama wa bahari wenye gamba, jamaa ya pweza, waliokwisha duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1867 mtaalamu Alpheus Hyatt aliita jamii moja yao Hildoceras, kwa kumkumbuka Mtakatifu huyo.

Amoniti akikua hakubomoa nyumba yake. Aliongeza mbele tu. Kwa hiyo gamba linatunza habari za maisha yake yote. Mwaka 1838 Henry Moseley, mchungaji wa Anglikana, alionyesha ya kwamba magamba ya namna hii hufuata sheria ya hesabu: kila mzunguko huzidi uliotangulia kwa kadiri ileile.

Je, twaipimaje kadiri hiyo? David Raup wa Marekani aliieleza njia mwaka 1967. Tutafute kwanza kitovu cha gamba. Toka kitovu mpaka ukingo wa nje wa mzunguko wa mwisho, tuseme tumepata milimetri 30. Upande wa pili, yaani nusu mzunguko nyuma, 20. Tugawanye 30 kwa 20, tuzidishe jibu kwa lenyewe: 2,25. Hii ni kadiri ya kupanuka. Kisha toka kitovu mpaka ukingo wa ndani wa mzunguko uleule wa mwisho, pale tulipopata 30, tuseme 12. Tugawanye 12 kwa 30: 0,4. Hii ni kadiri ya uwazi wa katikati.

Katika mchoro, uwazi huandikwa chini na kupanuka huandikwa kando. Kila gamba ni nukta moja. Mpaka hupatikana kwa kugawanya 1 kwa uwazi, hapa 2,5. Nukta ikiwa chini ya mpaka, kama hii yetu ya 2,25, mizunguko inapandana. Ikiwa juu, inaachana.

Raup alipima aina zaidi ya 400, na karibu zote zilikaa chini ya mpaka. Mizunguko inayogusana huegemeana, na gamba huwa imara.

Ndugu wafratri na wakatekista, wachuuzi wale walidhani wanausaidia utukufu wa Mtakatifu. Lakini aliyesadiki kwa sababu ya kichwa cha kuchongwa, siku atakapoona alama za patasi atamshuku na Hilda mwenyewe. Mwanafunzi akituletea jiwe na swali, tusichonge kichwa. Tupime pamoja naye. Mungu aliyeweka sheria ndani ya gamba hahitaji uongo wetu.