Murara Imelipuka, Murara Haijalipuka

Jumamosi, tarehe 29 Mei 2021, serikali ya Kongo ilitangaza kuwa volkano ya Murara, jirani ya Nyiragongo, imelipuka. Siku hiyo hiyo ikakanusha. Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, mji wa Gisenyi ulikuwa umepokea maelfu ya watu wa Goma tangu Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22, na matetemeko yalikuwa yamepasua nyumba na barabara za Rubavu. Mwenye taarifa zote mbili mkononi aamini ipi?

Mantiki ya kawaida ina jibu la ajabu: ukizikubali zote mbili, unaweza kuthibitisha lolote, hata kwamba Ziwa Kivu limekauka. Taarifa ya kwanza inakuruhusu kusema, "Murara imelipuka au ziwa limekauka," maana upande mmoja wa "au" ukiwa kweli unatosha. Kisha unaleta ya pili: Murara haijalipuka. Upande wa kwanza umefutika, limebaki ziwa kavu. Mkazi wa Gisenyi anayeoga humo hatafika huko. Kompyuta inayofuata kanuni hizo itafika bila haya.

Mmarekani Nuel Belnap aliiwazia kompyuta ya namna hiyo, na mwaka 1977 akapendekeza hali nne badala ya mbili. Kompyuta imeambiwa kuwa kauli ni kweli tu, au ni uongo tu, au imeambiwa yote mawili, au haijaambiwa kitu. Ukanushi wake hugeuza kweli kuwa uongo na uongo kuwa kweli, lakini hali mbili za mwisho huziacha zilivyo. Murara ya Jumamosi ile iko kwenye hali ya tatu. Taarifa ya pili haifuti ya kwanza, kwa hiyo njia ya kwenda kwenye ziwa kavu imekatika.

Mholanzi L.E.J. Brouwer alikuwa ameshaubana ukanushi kwa namna nyingine, akiwa na hisabati akilini. Mwanafunzi wake Arend Heyting akaziandika kanuni mwaka 1930: kukanusha kauli ni kuonyesha kwamba kuikubali kunaleta mgongano. Kukosa ushahidi hakutoshi. Ni msimamo mkali, ila una heshima yake.

Limebaki swali la ukamilifu: je, kila hitimisho linaloshika katika hali zote linaweza kufikiwa kwa kanuni zilizoandikwa? Kurt Gödel alithibitisha kuwa ndivyo kwa mantiki ya kawaida mwaka 1929. Kwa ile ya Heyting, Saul Kripke alichora ngazi za habari zinazoongezeka: "si A" hushika pale ambapo hakuna ngazi ya mbele itakayoileta A. Uthibitisho wake wa ukamilifu ulichapishwa mwaka 1965.

Mantiki ya Belnap nayo ni kamili, lakini kwa kipimo chake. Ndani yake hakuna hata kauli moja iliyo kweli daima, hata "Murara imelipuka au haijalipuka"; kompyuta isipoambiwa kitu, kauli zote hukaa kwenye hali ya nne. Kwa hiyo kinachopimwa ni kipi kinafuata kutoka kwa kipi.