Kiungulia Baada ya Operesheni ya Kupunguza Uzito: Tiba, Swaumu na Swala



Tumeletewa suala na ndugu yetu aliyeko Busale, wilayani Kyela, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kwao ni Pemba, lakini biashara ya kakao imemweka huko. Anasema mkewe alifanyiwa operesheni ya kukatwa tumbo nje ya nchi, mwaka na nusu uliopita, kwa sababu ya unene uliomletea kisukari na maumivu ya magoti. Uzito umepungua, alhamdulillah, na sukari imeshuka. Lakini sasa kila usiku maji makali yanampanda hadi kooni, na mara nyengine humpanda akiwa katika sijda. Mavyaa wake anamwambia kuwa hayo ni malipo ya kubadilisha umbo alilopewa na Mola wake. Zahanati anakokwenda hajasema kuwa alipasuliwa, kwa kuona haya. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo, na magoti yakimuuma hununua diklofenaki dukani. Ramadhani inakaribia, na suala ni hili: Je, afunge? Na swala zake zikoje?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwa kuwa hata huku Unguja na Pemba zipo familia zilizopeleka jamaa zao India kwa matibabu haya, na hapa nchini Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, inatoa huduma za kupunguza uzito, likiwemo puto linalowekwa ndani ya tumbo.

Tuanze na maneno ya mavyaa, maana ndiyo yaliyomfunga mdomo huyu dada. Kubadilisha umbo kulikokatazwa katika hadithi ya Ibn Mas'ud (Radhiya Allahu anhu) ni kule kunakofanywa kwa ajili ya urembo tu, kama kuchonga meno yawe na mwanya. Tiba ni mlango mwengine. Swahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake vitani. Akaweka pua ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akamwelekeza aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Kwa hiyo mtu ambaye unene umemletea maradhi, akajaribu njia nyepesi zikashindwa, na daktari mwaminifu akaona operesheni ina manufaa kuliko madhara yake, hana lawama. Ndivyo walivyofutu wanachuoni wengi wa zama zetu. Anayekatwa tumbo ili apendeze kwenye nguo ya harusi hayumo katika maneno haya.

Na kiungulia hiki si adhabu inayohitaji kufasiriwa na jirani. Kina sababu inayojulikana kwa madaktari. Katika operesheni iliyoenea zaidi, hukatwa na kutolewa kiasi cha robo tatu ya tumbo au zaidi, likabakia bomba jembamba mfano wa ndizi. Mfuko ule wa mwanzo ulikuwa unatanuka mtu anapokula. Bomba hili halitanuki sana, hivyo chakula kidogo tu huongeza msukumo ndani yake, na tindikali hutafuta njia ya kupanda. Tena ile kona baina ya umio na tumbo, inayosaidia kuzuia vitu visirudi juu, huweza kuharibika wakati wa kukata. Ndiyo maana mtu ambaye hakuwahi kujua kiungulia hupatwa nacho baada ya operesheni, na aliyekuwa nacho huweza kuzidiwa. Ipo operesheni nyengine, ya kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba. Hiyo kwa kawaida hupunguza kiungulia, na wagonjwa ambao bomba limewashinda kabisa baadhi yao hubadilishiwa wakafanyiwa hiyo.

Basi angalieni hatari ya haya ya huyu dada. Mganga wa zahanati asiyejua kuwa tumbo limebakia robo atampa dawa kama anavyompa mtu mwengine yeyote. Diklofenaki na ibuprofeni hukwangua ukuta wa tumbo, na kwa aliyekatwa tumbo ni dawa za kuepukwa mpaka daktari anayejua habari yake aruhusu; maumivu ya magoti yana dawa nyengine, kama parasetamoli. Omeprazoli nayo ikitumika muda mrefu hupunguza mwili kufyonza vitamini B12 na madini ya chuma, na aliyekatwa tumbo tayari ana upungufu wa kufyonza hivyo hivyo. Anahitaji kupimwa damu mara kwa mara na kutumia vidonge vya vitamini kwa maisha yake yote. Kusitiri jambo lako mbele ya mavyaa, mawifi na majirani ni haki yako, wala si uongo kunyamaza. Kumficha tabibu ni kujidhuru, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amekataza kudhuru na kudhuriana. Aanzie hospitali ya wilaya hapo Kyela na barua zake za operesheni mkononi, aombe rufaa ya kwenda Mbeya au kwengineko anakoweza kuangaliwa umio na tumbo kwa kamera. Na kama chakula kinakwama kifuani, anatapika damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami, asingoje miadi.

Nyumbani pia kuna la kufanya. Ale kidogo kidogo na kutafuna sana, maji ayanywe mbali na chakula, asilale mpaka zipite saa mbili au tatu baada ya kula. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa kuweka matofali chini ya miguu yake. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Vyakula vinavyomwasha atavijua mwenyewe, ingawa vinavyolaumiwa zaidi ni vya mafuta mengi, pilipili, kahawa, na chokoleti inayotokana na kakao ile ile anayoiuza mumewe. Wali wa Kyela ni mtamu, lakini sahani aliyoizoea zamani ndiyo adui yake sasa. Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib aliyoipokea Tirmidhi, ya kugawa tumbo mafungu matatu, chakula, kinywaji na pumzi, kwake yeye imekuwa tiba kabla ya kuwa adabu.

Kuna jambo ambalo tumewahi kuulizwa na mgonjwa mwengine. Madaktari husema kulala ubavu wa kushoto hupunguza tindikali kupanda, na Sunna ni kulalia ubavu wa kulia. Hakuna mgongano. Kulalia kulia ni jambo lililopendekezwa, si wajibu, na kuliacha kwa ugonjwa si kosa. Alale kulia, asome dua zake, kisha ajigeuze.

Tuje kwenye swaumu. Allah amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Aliyekatwa tumbo hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja. Huyapata kwa mafunda mchana kutwa, na ndiyo sababu madaktari wengi huwakataza kufunga miezi ya mwanzo. Mke wa ndugu yetu amepita mwaka, kwa hiyo hukumu yake inategemea hali yake na kauli ya daktari. Tena ana kisukari, na dozi ya dawa za sukari aliyokuwa nayo kabla ya kupungua uzito huenda ni kubwa mno kwake leo. Hilo liangaliwe kabla ya Ramadhani, si ndani yake. Akiambiwa kufunga kutamdhuru, asifunge. Ikiwa yatarajiwa atapona au kutulia, atalipa, na siku za Juni na Julai huko Kyela ni fupi kidogo na zina baridi, zitamfaa. Ikiwa hakuna tarajio la kuweza, basi ni fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na mchele unatosha.

Akiweza kufunga, omeprazoli kwa kawaida hunywewa nusu saa kabla ya kula. Basi adhana ya Magharibi ikilia afungue kwa funda la maji pamoja na dawa, aswali, kisha ndipo ale. Daku aicheleweshe kama ilivyo Sunna, ila asirudi kitandani baada yake.

Maji makali yakimpanda mchana bila ya kutaka kwake, swaumu yake ni sahihi. Hadithi ya Abu Hurayra (Radhiya Allahu anhu), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, inasema aliyeshindwa na matapishi halipi, na aliyejitapisha makusudi ndiye anayelipa. Yakifika mdomoni ayateme na asukutue bila ya kumeza maji. Akiweza kuyatema naye akayarudisha kwa kusudi, swaumu imeharibika. Yakirudi yenyewe kabla hajaweza, amesamehewa.

Udhu wake haukutenguka, kwa madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyafuata wengi wetu visiwani. Ama Hanafi wanasema matapishi ya kujaa mdomo yanatengua. Lakini kilichotoka tumboni ni najisi, kwa hiyo kikimjaa mdomoni ndani ya swala, atoke, asukutue, aianze upya. Ukali wa kooni peke yake, au kucheua hewa chungu, hakumdhuru kitu.

Kuhusu sijda, kwanza asiswali mara tu baada ya kula iwapo wakati ni mpana. Ikiwa hata hivyo kuinama kunampandisha matapishi au kunamuumiza kweli, ataashiria rukuu na sijda, na sijda aiinamie zaidi. Dalili ni hadithi ya Imran bin Huswayn katika Bukhari, aliyekuwa na bawasiri akaruhusiwa kuswali kwa kadiri ya uwezo wake. Hapa wengi hukosea: mtu akishindwa na sijda huchukua kiti tangu takbira ya kwanza. Dada huyu anaweza kusimama, basi kusimama ni wajibu juu yake. Atasoma Fatiha akiwa wima, ataashiria rukuu akiwa wima, na kiti atakikalia kwa ajili ya sijda na tahiyatu.

Wallahu aalam.