Kilimshinda mbu, sasa kisiwa chalemewa na sukari

Msomaji, hebu fungua ukurasa wa matangazo ya vifo katika gazeti lolote. Utakuta picha ya mzee aliyevaa tai, au mama aliyejifunga kitambaa kichwani, na chini yake maneno ambayo sote tumeyazoea: aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kisha yanafuata majina ya watoto, wakwe na wajukuu, na mahali pa kukutana kupanga mazishi.

Aliugua nini? Haisemwi. Na mara nyingi hata huo muda mfupi si mfupi. Ni miaka kumi ya sukari nyingi katika damu, au presha ambayo hakuna aliyeipima, ikamaliziwa na siku tatu za kulazwa hospitalini.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu kuna nchi moja katika Bahari Hindi ambayo watu wake hufa kwa maradhi hayo hayo, lakini wao wanajua. Nchi hiyo ni Mauritius, kisiwa kidogo mashariki ya Madagaska, mwendo wa saa nne hivi kwa ndege kutoka Nairobi. Watu wake ni kama milioni moja na robo tu. Karibu kila kifo kule huandikishwa, na sababu yake huandikwa na daktari. Huku kwetu, mtu akifia nyumbani kijijini, ni naibu wa chifu anayejaza fomu, naye huandika yale anayoambiwa na jamaa wa marehemu.

Je, unadhani ni nini kinachowaua watu wa kisiwa kama hicho? Wengi watataja tufani. Kweli, Mauritius imepigwa na tufani nyingi, na ile iliyoitwa Carol, ya Februari 1960, ilibomoa nyumba kwa maelfu. Lakini upepo wa bahari haujawahi kuua kisiwani humo kama alivyoua mdudu mdogo tunayemfahamu vizuri sisi wa Kisumu, Malindi na Busia.

Malaria haikuwa ugonjwa wa Mauritius tangu zamani. Iliingia katika miaka ya 1860, wakati meli zilipokuwa zikileta vibarua wa mashamba ya miwa kwa maelfu, na mbu wa kuieneza akapata makao. Kati ya 1866 na 1868 mlipuko mkubwa uliua makumi ya maelfu ya watu katika nchi ambayo haikuwa na watu nusu milioni. Katika mji mkuu, Port Louis, walizikana hadi waliokuwa na uwezo wakahama, wakapanda milimani kwenye baridi. Ndiyo maana mpaka leo miji kama Curepipe imejaa huko juu.

Ronald Ross, yule daktari aliyethibitisha mwaka wa 1897 kwamba malaria huenezwa na mbu, alifika kisiwani humo mwaka wa 1907 kuwashauri wakuu wa serikali ya kikoloni. Aliwaambia wakaushe vidimbwi na mabwawa. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 mtoto aliyezaliwa Mauritius alitarajiwa kuishi miaka 33 hivi tu. Soma tena nambari hiyo, msomaji. Mtu wa miaka 33 leo ndiyo kwanza anafikiria kununua ploti.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 nyumba zote za kisiwa zilinyunyiziwa dawa ya DDT. Aina moja ya mbu ilitoweka kabisa, na ile nyingine iliyobaki ikapungukiwa na nguvu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 matarajio ya maisha yalikuwa yamepanda hadi karibu miaka 50. Mwaka wa 1973 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba nchi hiyo haina malaria. Ilirudi tena baada ya tufani ya 1975, wakapambana nayo upya, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 malaria pekee inayoonekana ni ile inayoletwa na wageni wanaosafiri.

Maji safi, chanjo, hospitali za serikali zisizotoza pesa na elimu ya bure vilifanya kazi iliyosalia. Leo mtu wa Mauritius anatarajiwa kuishi miaka kati ya 70 na 75, na wanawake huwapita wanaume kwa miaka sita au saba.

Ungedhani hadithi inaishia hapo, kwa furaha.

Lakini kila mtu lazima afe kwa kitu fulani, na hesabu za vifo vya Mauritius zilianza kubadilika polepole. Homa, kuhara na upungufu wa damu viliposhuka, maradhi ya moyo na kisukari yalipanda. Kwa miaka mingi sasa hayo mawili ndiyo yanayoshika nafasi mbili za kwanza, yakifuatwa na saratani na kiharusi. Usisumbuke sana kuuliza kati ya moyo na sukari ni upi unaoua zaidi. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na jina litakaloandikwa kwenye cheti hutegemea daktari anaonaje mwanzo wa mambo.

Ni nini hasa kinachotokea mwilini? Chakula cha wanga ukishakila, kiwe ugali, wali au mkate, hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo unaofungua mlango wa kila chembe ya mwili ili sukari iingie na kutumika. Mtu anaponenepa, hasa tumboni, mlango huo huwa mgumu kufunguka. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, mpaka siku moja inachoka.

Sukari iliyobaki kwenye damu haiumi. Hilo ndilo tatizo lake kubwa. Mtu huenda kazini, hupanda matatu, hucheka na wenzake, huku mishipa yake midogo ikiharibika: ya macho, ya figo, ya nyayo. Mishipa mikubwa ya moyo na ya ubongo nayo huziba mapema kuliko ya watu wengine. Atakapokuja kuona ukungu machoni au kidonda kisichopona mguuni, ugonjwa una umri wa mtoto wa darasa la nane.

Mwaka wa 1987 serikali ya Mauritius, ikisaidiana na wataalamu kutoka nje, iliwapima maelfu ya watu wazima. Matokeo yaliwashtua. Zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi alikuwa na kisukari, na wengi hawakuwa na habari.

Hapa pana jambo ambalo ningependa msomaji wa Nairobi au Mombasa alishike vizuri. Kuna watu wanaosema kisukari ni ugonjwa wa Wahindi, au wa matajiri. Mauritius ina watu wa asili ya India, wapo wa asili ya Uchina, na wapo Wakrioli, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa waliotolewa Madagaska na pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Uchunguzi huo ulipata kisukari katika makundi yote, kati ya asilimia 10 na 13, bila tofauti kubwa. Damu ya Kiafrika haikuwakinga Wakrioli.

Serikali ilifanya nini? Kati ya yote iliyofanya, moja lilikuwa la ajabu kwa urahisi wake. Watu wengi wa kisiwa hicho walikuwa wakipikia mafuta ya bei nafuu yaliyosimamiwa na serikali, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ilikuwa ya mawese. Mafuta ya mawese yana yale mafuta mazito yanayoganda, ambayo huongeza kolesteroli, uchafu unaoziba mishipa ya moyo. Mwaka huo wa 1987 serikali iliamuru kwamba mafuta hayo sasa yatengenezwe kwa soya tupu. Mama jikoni hakuambiwa abadilishe mapishi. Aliendelea kununua mafuta yake ya kawaida.

Walipopimwa watu tena mwaka wa 1992, wastani wa kolesteroli ulikuwa umeshuka kwa karibu sehemu moja katika saba. Watafiti walikadiria kwamba mabadiliko ya mafuta yalichangia kiasi cha nusu ya mshuko huo. Madaktari wanaohangaika na mgonjwa mmoja mmoja kwa vidonge wataelewa ukubwa wa jambo hilo kwa nchi nzima.

Mengine pia yalikuwa mema. Wanaume waliokuwa wakivuta sigara walipungua kutoka asilimia 58 hadi 47, na walevi wa kupindukia wakapungua zaidi ya nusu. Baadaye, mwaka wa 2009, Mauritius ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kulazimisha picha za kutisha kwenye pakiti za sigara.

Kisukari hakikusikia. Katika miaka hiyo mitano, wanawake walionenepa kupita kiasi waliongezeka kutoka asilimia 10 hadi 15, na kisukari kikapanda pamoja na unene. Kufikia 2009 zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano alikuwa nacho.

Kwa nini mafuta yalishindwa na sukari ikashinda? Serikali inaweza kubadilisha kilicho ndani ya chupa bila mtu kuamka kitini. Haiwezi kumwamsha huyo mtu. Wazee wa Mauritius walikata miwa kwa panga tangu alfajiri. Kuanzia miaka ya 1970 watoto wao waliingia viwanda vya nguo, wakakaa mbele ya cherehani kutwa, na wajukuu wakaingia ofisini na kwenye mahoteli ya watalii. Sahani lakini haikupungua. Wali mweupe, mkate mweupe, na dholl puri, ile chapati ya dengu inayouzwa barabarani ikiwa imekunjiwa mchuzi wa maharagwe ndani, viliendelea kuliwa kwa kipimo cha mkata miwa. Soda ikaongezwa juu yake.

Serikali ilipiga marufuku soda katika mikahawa ya shule, na mwaka wa 2013 ikaanza kutoza kodi kwa kila gramu ya sukari iliyomo kwenye kinywaji. Uchunguzi wa 2015 ulipata kisukari kwa karibu asilimia 23 ya watu wazima, na ule wa 2021 karibu asilimia 20. Kama ndiyo mwanzo wa kushuka, ni mapema kusherehekea. Bado kuna foleni za watu wanaosafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zimekufa, na bado miguu inakatwa.

Sasa tuje nyumbani. Kenya haijafika huko. Malaria, ukimwi, kifua kikuu na nimonia bado vinatuua, na hatuwezi kuvipa kisogo. Lakini uchunguzi uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi: karibu watu 88 katika kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Kwa hiyo tunapojisifu kwamba kisukari chetu ni kidogo, tukumbuke kwamba wengi wetu hatujapimwa. Na mkebe au karatasi ya mafuta ya kupikia unayonunua dukani huenda ikawa ya mawese, hata kama imechorwa alizeti maridadi. Geuza usome nyuma maandishi madogo. Mimi niligeuza ya kwangu wiki iliyopita, na sikupendezwa.

Ikiwa umetimiza miaka 40, au tumbo limeutangulia mshipi, au mzazi wako ana kisukari, nenda kituo cha afya asubuhi kabla ya chai. Sukari ya mtu ambaye hajala ikifika 7 au zaidi, utaombwa urudie kipimo siku nyingine ili kuhakikisha. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, nayo hurudiwa. Usikubali kupewa dawa kwa kipimo kimoja tu kilichofanywa mbio mbio, labda iwe uko hatarini na daktari amekueleza hivyo. Kukojoa sana usiku, kiu isiyoisha na kukonda bila sababu ni dalili, lakini usizingoje, maana wengi hawazipati mpaka mambo yameharibika.

Kama una safari ya kwenda kazini ya nusu saa kwa miguu, itembee. Kama una kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari, anza na viwili wiki hii, kisha kimoja.

Na kama tayari umeambiwa una kisukari, vua soksi leo jioni uzitazame nyayo zako kwenye mwanga, katikati ya vidole pia. Kama huwezi kuinama, mwombe mwanao akutazamie. Ukiona kidonda ambacho hakikuumi kabisa, usikipake mafuta na kungoja. Hicho ndicho cha kumwonyesha daktari kesho asubuhi.