Koti la Maabara Linalomkaa Mvaaji

Koti la maabara, yaani vazi refu la mikono mirefu linalovaliwa juu ya nguo za kawaida, hupimwa kwanza mabegani, kwa sababu mshono wa bega ukiteremka, mikono hurefuka na kuburuzika juu ya vimiminika na miali ya moto. Mikono iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono ni bora, kwani glavu huifunika bila kuacha ngozi wazi, na vifungo vya kubonyeza hufunguka kwa mvuto mmoja koti linapomwagikiwa kemikali. Kitambaa nacho si jambo dogo: poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi, ilhali pamba haiyeyuki, ingawa nayo huungua. Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti asiyevaa koti aliunguzwa na kemikali inayojiwasha ikigusa hewa, sweta yake ya sintetiki ikashika moto, akafariki siku 18 baadaye. Wodini kanuni hugeuka: Uingereza ilielekeza mwaka 2007 kwamba wanaohudumia wagonjwa waache mikono wazi chini ya kiwiko, ili wanawe ipasavyo.