Hesabu kwanza kichwani, kalkuleta baadaye

Na Mwandishi Wetu

MZAZI, leo baada ya chakula cha mchana hebu mwite mtoto wako wa gredi ya sita, umwulize saba mara nane ni ngapi. Akikujibu papo hapo, mshukuru Mungu na mwalimu wake. Akianza kuhesabu vidole, au akinyosha mkono kuichukua simu yako, basi makala haya yanakuhusu.

Katika kijiji cha Kianda, upande wa magharibi wa Kibera jijini Nairobi, jambo hili si la wasomi peke yao. Simu yenye kikokotoo, au kalkuleta kama wengi wetu tunavyoiita, imeingia hata katika nyumba za kumi kwa kumi ambamo mtoto hana meza ya kufanyia kazi ya shule. Mzazi aliyekaririshwa jedwali la kuzidisha lililo nyuma ya daftari huona ajabu mwanawe akibonyeza simu ili kujumlisha 25 na 40. Mtoto naye humshangaa mzazi: ya nini kujitaabisha na kazi ambayo mashine huimaliza kufumba na kufumbua?

Je, ni nani mwenye haki?

Ugomvi wa zamani

Waama, mvutano kuhusu jinsi ya kumfundisha mtoto hesabu haukuanza na simu. Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati za kisasa kwa ajili ya shule za Afrika. Nia ilikuwa nzuri: mtoto aelewe sababu ya jambo kabla ya kulikariri. Kwa hivyo akaanza kusoma mambo ya seti ambayo wazazi wake hawakupata kuyasikia. Lawama zikazuka kwamba watoto hawajui tena hesabu za kawaida, na mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi akaamuru hisabati hizo ziondolewe katika shule za Kenya.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mambo yaligeuka. Mtihani wa KCPE, uliofanywa hadi mwaka 2023, ulikuwa na maswali 50 ya hisabati ya kujibiwa kwa muda wa saa mbili, na kalkuleta haikuruhusiwa. Walimu hawakuwa na budi kuwazoeza watoto hesabu za haraka kila asubuhi. Wengine walitumia kiboko, hadi serikali ilipokipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Wako watu wazima wanaoweza kukuambia saba mara nane hata usingizini, lakini wakisikia neno hisabati hukumbuka viganja vilivyovimba.

Hata hivyo, mtoto huyo huyo alipovuka kwenda sekondari alikuta sheria nyingine. Katika KCSE, mtahiniwa huruhusiwa kutumia kalkuleta isiyotoa sauti na isiyoweza kuwekewa programu, pamoja na kitabu cha majedwali. Lakini mara kwa mara hutokea swali linalomtaka akokotoe bila vyote viwili. Kwa maneno mengine, watahini wenyewe wanataka mtoto mwenye mashine mkononi na hesabu kichwani.

Mashine haijui unachotaka

Wanaoitetea kalkuleta wana hoja nzito. Ulimwengu wa kazi hautumii kalamu na karatasi kugawanya namba ndefu. Wakala wa M-Pesa, karani wa duka na mhandisi wote hubonyeza. Isitoshe, mtoto asiyepoteza dakika kumi katika kugawanya hupata nafasi ya kuwaza swali lenyewe linataka nini.

Lakini kalkuleta ina kasoro moja kubwa. Hujibu ulichobonyeza, si ulichokusudia. Mtoto anayetafuta bei ya vitu 50 vya shilingi 4.80 kila kimoja, akisahau nukta ya desimali, ataambiwa 24,000 badala ya 240. Aliyezoea kukadiria atashtuka, maana 50 mara 5 ni 250 tu. Asiyezoea atainakili 24,000 na kupiga mstari chini yake kwa fahari.

Fanya jaribio jingine nyumbani. Bonyeza 2, kujumlisha, 3, kuzidisha, 4, kisha sawasawa. Kalkuleta nyingi za kawaida za dukani zitasema 20, ilhali ile ya kisayansi itasema 14. Jibu sahihi kihisabati ni 14, kwa kuwa kuzidisha hutangulia kujumlisha. Mtoto asiyeijua kanuni hiyo ataamini ipi?

Tena haya si mambo ya darasani pekee. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Simu itakuambia kwamba asilimia 7.5 ya shilingi 1,000 ni shilingi 75, nawe utaona ni kidogo. Haitakukumbusha kwamba ukikopa na kulipa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa shilingi 900 kwa ajili ya shilingi 1,000 zile zile. Swali la kuzidisha mara 12 lazima litoke kichwani mwako.

Au chukua mafuta ya kupikia yanayopimwa kibandani. Tuseme kipimo cha mililita 50 ni shilingi 20, na lita nzima ni shilingi 320. Vipimo 20 ndivyo vinavyotimiza lita, yaani shilingi 400. Mama anayenunua kipimo si mjinga. Hana shilingi 320 kwa mkupuo. Lakini akijua kwamba kila lita inamla shilingi 80 zaidi, anaweza kushauriana na jirani wachange, wanunue lita moja na kugawana. Hapo ndipo hesabu hugeuka kuwa kitoweo.

Wenzetu wamefanyaje?

Nchini Singapore, tangu mwaka 2009 mtihani wa mwisho wa hisabati wa shule za msingi una karatasi ya kwanza isiyoruhusu kalkuleta na ya pili inayoiruhusu. Uingereza iliiondoa kalkuleta katika mitihani ya taifa ya watoto wa miaka 11 mwaka 2014. Tangu mwaka 2022, shule za serikali huko huwapima watoto wa miaka minane na tisa kwa maswali 25 ya kuzidisha, kila moja kwa sekunde sita. Nchi hizo mbili zina mashine tele, lakini hazikuthubutu kuacha kichwa cha mtoto kitupu.

Hapa kwetu, mwaka 2025 kulizuka mjadala kama hisabati iwe ya hiari katika sekondari ya juu. Wizara ya Elimu ikatangaza mwezi Aprili kwamba kila mwanafunzi ataendelea kusoma hisabati ya namna fulani. Basi hakuna pa kukimbilia.

Kumi na tano tu

Mzazi usiogope; mzigo si mkubwa kama unavyodhani. Jedwali la hadi kumi mara kumi lina majibu 100, lakini mtoto akielewa kwamba 3 mara 8 ni sawa na 8 mara 3, yanabaki 55. Ondoa ya moja, mbili, tano na kumi, ambayo ni rahisi. Ya tisa nayo hupatikana kwa kuzidisha kwa kumi kisha kutoa mara moja: 9 mara 7 ni 70 kutoa 7. Yanayobaki ya kukariri ni 15 tu. Mawili kwa wiki, na muhula haujaisha.

Mtume dukani, na kabla hajaondoka akuambie chenji itakuwa ngapi. Akifanya kazi ya shule, akadirie jibu kwanza, akokotoe, kisha aichukue kalkuleta kuthibitisha. Akikosea, usimgombeze, mwulize amefikaje hapo. Wala usisingizie kwamba wewe mwenyewe hukujua hesabu shuleni. Kama unajua kugawa shilingi 500 zitoshe unga, mboga, maji na nauli hadi kesho, wewe ni mwalimu tosha. Samaki mkunje angali mbichi.